Wanamichezo wa Shule na Jina Lisilotajwa

Neno saratani, kwa asili yake ya Kiarabu, maana yake ni kaa, yule kiumbe wa ufukweni mwenye miguu mingi na magando yasiyoachia upesi kilichoshikwa. Na kabla ya Waarabu, matabibu wa Kiyunani walikwisha yafananisha maradhi haya na mnyama huyo huyo, kwa kuwa waliona uvimbe mgumu uliozungukwa na mishipa iliyotuna, ikatawanyika pande zote mithili ya miguu yake. Jina hilo limesafiri karne nyingi na lugha nyingi, lakini katika mtaa niliokulia lilikuwa halifiki mdomoni. Mwanamke aliyeugua alisemwa ana uvimbe, au ana maradhi ya ndani, au ana "ugonjwa ule", na msemaji alishusha sauti na kutazama mlangoni, kana kwamba maradhi yangeweza kusikia jina lao yakaitika. Jirani yetu mmoja, mama mpole aliyekuwa akitugawia visheti siku za sikukuu, alikaa na donda katika titi lake muda ambao hakuna ajuaye urefu wake, maana hakumwambia mtu. Na wa kwanza kuliona alikuwa mwanamke aliyemwosha.

Kwa hiyo nilipopata habari za watoto wa shule za sekondari huko Marekani na Kanada, ambao hulitaja jina hilo kwa sauti kuu katika viwanja vya michezo, mbele ya wazazi na walimu wao, na kuchangisha fedha kwa ajili ya wagonjwa wasiowajua na watafiti wasiopata kuwaona, nilistaajabu, na kustaajabu kule kukanitia hamu ya kuyafuata mambo haya hadi asili yake.

Aghalabu mambo yenyewe huwa hivi. Ni jioni ya mwezi wa Oktoba, mwezi ambao katika nchi nyingi umetengwa kwa ajili ya saratani ya matiti, na ukumbi wa michezo wa shule umejaa watu. Wavu umekwisha fungwa. Wasichana wa timu mbili wanajinyosha viungo, na wote, wa shule hii na wa shule ile, wamefunga viatu vyao kwa kamba za rangi ya waridi na kusuka utepe wa rangi hiyo katika nywele. Hata filimbi iliyo kinywani mwa mwamuzi ni ya waridi. Mlangoni kuna meza, na juu yake keki na biskuti zilizookwa majumbani na wazazi, fulana zilizopigwa chapa kwa siku hiyo, na chupa kubwa ya kioo ambayo kila apitaye hutia noti au sarafu. Kabla ya mchezo kuanza, wanawake waliopata kuugua huitwa mmoja mmoja kwa jina, wakaingia uwanjani, na kila mmoja hupokewa na mchezaji anayempa ua na kumkumbatia. Mmoja ni mwalimu, mwingine ni mpishi wa shule, na mwingine ni mama wa yule yule msichana aliyempa ua, na hapo kelele za ukumbi hukoma kwa muda.

Jioni kama hizi, kwa upande wa mpira wa wavu, zimeenea sana chini ya jina la Dig Pink, na asili yake ni shule moja tu. Katika 2004, Rick Dunetz alikuwa akifundisha timu ya wasichana ya shule ya sekondari ya West Springfield, katika jimbo la Virginia, mama yake, Gloria, alipogunduliwa kuwa ana saratani ya titi iliyokwisha kutapakaa mwilini. Wasichana wale wangeweza kumpa mwalimu wao pole na kuendelea na mazoezi. Badala yake waliuweka msimu wao wote wakfu kwa ajili ya mama huyo. Kutokana na nia hiyo ndogo ulizaliwa mfuko uitwao Side-Out Foundation, ambao umezivuta shule na vyuo vingi vya Marekani kufanya kama walivyofanya wao.

Majina yote mawili yametoka katika mchezo wenyewe. Side-out ni pale upande uliokuwa ukipokea mpira unaposhinda pointi na kuwanyang'anya wenzao haki ya kuanzisha. Na dig ni kule kujitupa chini, mikono imeunganishwa, kuuokoa mpira uliopigwa kwa nguvu kabla haujagusa sakafu. Aliyepata kuketi karibu na uwanja wa mpira wa wavu anaujua mlio wa magoti yakipiga sakafu, na anajua kwamba mchezaji aliyefanya hivyo mara nyingi hapati pointi yeye mwenyewe, bali huwapa wenzake nafasi ya kuendelea kucheza. Sijui kama kuna neno la michezo linalostahili zaidi kupewa kazi ya namna hii.

Mfuko huo ulichagua njia yake kwa busara. Saratani ya titi iliyogunduliwa ingali mahali pake pa kwanza ni maradhi ambayo tabibu anaweza kuyashinda: huko Marekani, katika wanawake 100 wa hali hiyo, takriban 99 huwa hai miaka mitano baadaye ukiwalinganisha na wanawake wasiougua. Lakini ikiisha kusafiri hadi katika mifupa, mapafu, ini au ubongo, wanaobaki baada ya miaka mitano ni kama thuluthi moja tu. Hawa ndio waliosahauliwa mara nyingi katika sherehe za mwezi wa Oktoba, kwa kuwa sherehe hupenda habari za waliopona, na wao hawawezi kuahidi kupona. Side-Out, kwa kuwa asili yake ni mgonjwa wa namna hiyo, ulizielekeza fedha zake kwao. Uligharimia utafiti uliofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha George Mason cha Virginia na wa taasisi ya TGen ya Arizona, ambao walichukua kipande cha uvimbe wa kila mgonjwa, wakachunguza jeni na protini zake, na kwa dalili hizo wakamchagulia kila mmoja dawa yake mwenyewe, badala ya kuwapa wote dawa moja kwa mazoea. Matokeo yalichapishwa katika jarida la utabibu mwaka 2014. Wagonjwa walikuwa wachache, wasiozidi 30, na hakuna aliyedai kwamba dawa ya saratani imepatikana, lakini msichana aliyeuza keki mlangoni mwa ukumbi wa shule anaweza kuonyeshwa karatasi ile akaambiwa, "Fedha yako ilipita hapa."

Neno hilo, kwamba fedha ilipita hapa, ndilo ninalolitafuta mimi katika kila habari ya namna hii, na pasipo nalo moyo wangu huingia shaka. Rangi ya waridi imekuwa biashara kubwa. Imepakwa juu ya chupa za manukato, juu ya makopo na vifuko vya kila aina, na mara nyingine mnunuzi hawezi kujua ni senti ngapi, kama zipo, zitakazomfikia mgonjwa. Timu ya shule inaweza kutumbukia katika mtego huo huo pasipo kukusudia: ikavaa jezi mpya za waridi zilizogharimu zaidi ya kilichokusanywa, ikapiga picha, ikaenda nyumbani. Siwalaumu watoto kwa hilo, maana waliokomaa wamewatangulia kulifanya. Ila nasema kwamba mwalimu awafundishe kuuliza maswali matatu kabla ya kufunga utepe: fedha zinakwenda wapi, zitafanya nini huko, na nani atatuletea habari zake.

Njia za kuchangisha zenyewe zimejaa werevu. Norm Stewart, aliyekuwa kocha wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Missouri, aliugua saratani katika 1989 akapona, na baadaye akawaomba mashabiki wa timu yake waahidi kutoa fedha kwa kila mpira wa pointi tatu utakaoingia kikapuni msimu mzima, hata ikawa kila mchezaji alipolenga kutoka mbali alikuwa akilenga na mfuko wa mtu. Kutokana na wazo hilo ilianzishwa, mwaka 1993, Coaches vs. Cancer, kazi ya pamoja ya Chama cha Saratani cha Marekani na chama cha makocha wa mpira wa kikapu, na makocha wa shule za sekondari nao wameingia humo. Kuna siku katika Januari ambapo makocha hao husimama kandoni mwa uwanja wamevaa suti kamili na tai, na miguuni raba za michezo, ili mtazamaji aulize sababu na ajibiwe.

Lakini mti huu una mzizi mkubwa kuliko yote, na mzizi huo umo Kanada, katika mji wa Port Coquitlam wa jimbo la British Columbia, kwa mtoto mmoja mfupi wa kimo ambaye alikuwa hawezi mpira wa kikapu.

Terry Fox alizaliwa mwaka 1958. Alipokuwa mwanafunzi wa darasa la nane aliupenda mpira wa kikapu kuliko kitu chochote, na mpira wa kikapu haukumpenda yeye. Kocha wake, Bob McGill, alimtazama akaona kwamba umbo lake lilifaa zaidi kwa mbio za masafa marefu, akamshauri akimbie. Na mtoto, ambaye mbio hazikumvutia hata chembe, alikimbia kwa sababu alimheshimu mwalimu wake na alitaka kumridhisha. Hata hivyo hakuuacha mpira. Katika msimu ule wote alichezeshwa dakika moja tu. Dakika moja! Mtoto mwingine angalirudi nyumbani akaitundika jezi ukutani. Yeye alifanya mazoezi kipindi chote cha likizo pamoja na rafiki yake Doug Alward, na mwaka uliofuata akawa mchezaji wa kawaida, na katika darasa la kumi akawa miongoni mwa watano wanaoanza, na mwaka wa mwisho wa shule yeye na Alward waligawana tuzo ya mwanamichezo bora.

Mwaka 1977, akiwa chuoni na umri wa miaka 18, goti la kulia lililokuwa likimuuma kwa muda lilimshinda. Alikuwa akidhani ni maumivu ya michezo, akayavumilia mpaka msimu wa mpira uishe. Matabibu wakakuta ni saratani ya mfupa, na mguu ukakatwa juu ya goti. Usiku wa kuamkia operesheni, kocha wake wa shule ya sekondari, Terri Fleming, alimletea gazeti la wakimbiaji lililokuwa na habari za Dick Traum, mtu wa mguu mmoja aliyemaliza mbio za marathoni za New York. Hapo ndipo wazo lilipoingia.

Alipokuwa akitibiwa aliambiwa jambo ambalo halikumtoka tena akilini: kwamba nafasi yake ya kuishi ilikuwa 50 kwa 100, na kwamba miaka miwili tu kabla yake ingekuwa 15 kwa 100. Tafauti ile ilikuwa imeletwa na utafiti, na utafiti ulikuwa umeletwa na fedha za watu. Kijana aliyefundishwa na mpira wa kikapu kwamba dakika moja inaweza kuzaa msimu mzima hakuhitaji kuelezwa zaidi. Aidha, miezi 16 ya kukaa miongoni mwa wagonjwa wenzake, wengine wadogo kuliko yeye, wengine hawakurudi kitandani mwao, ilimtia deni ambalo hakuna aliyemdai ila nafsi yake.

Tarehe 12 Aprili 1980, katika mji wa St. John's, pwani ya mashariki ya Kanada, aliutia mguu wake wa bandia katika maji ya bahari ya Atlantiki, akajaza chupa mbili za maji hayo, moja aiweke kumbukumbu na moja akaimwage katika bahari ya Pasifiki, upande wa pili wa nchi, akaanza kukimbia. Alward, rafiki wa shule, ndiye aliyeendesha gari nyuma yake. Kila siku alikusudia kukimbia kama kilomita 42, yaani marathoni nzima. Mguu wa bandia wa wakati ule ulikuwa na springi ambayo haikurudi upesi baada ya kukanyagwa, basi ilimlazimu kuruka mara mbili juu ya mguu wake mzima kila alipopiga hatua moja ya ule wa bandia. Na waliomwona hawakusahau mwendo ule, hatua, mruko, mruko, hatua, kabla ya jua kuchomoza, juu ya barabara ndefu yenye upepo na theluji.

Mwanzoni wengi hawakumjali. Kisha alifika Port aux Basques, mji mdogo wa watu kama 10,000, na watu hao wakamkabidhi zaidi ya dola 10,000, dola moja na zaidi kwa kila kichwa. Naye akapata hesabu aliyoitafuta, akawaomba Wakanada wote kila mmoja dola moja. Tarehe 1 Septemba, baada ya siku 143 na kilomita 5,373, nje ya mji wa Thunder Bay, kifua kilimbana akashindwa kuendelea. Saratani ilikuwa imefika mapafuni. Kufikia Februari 1981 fedha zilizokusanywa zilizidi dola milioni 24, na Wakanada wakati huo walikuwa kama milioni 24. Alifariki tarehe 28 Juni mwaka huo, akibakisha mwezi mmoja kutimiza miaka 23.

Septemba ya mwaka huo huo watu wapatao 300,000 walikimbia kwa jina lake, na tangu hapo kila mwaka shule za Kanada hutoka viwanjani na mabarabarani, watoto wadogo kwa wakubwa, wakikimbia au wakitembea, mbio zisizo na mshindi wala matangazo ya biashara kifuani, kama alivyotaka mwenyewe. Fedha zilizopatikana hadi leo zimepita dola za Kanada milioni 800. Shule aliyosoma ilibadilishwa jina mwaka 1986 ikaitwa kwa jina lake, na timu yake ya mpira wa kikapu hucheza leo na jina hilo kifuani.

Nimekaa na kisa hiki kirefu kwa sababu kina sehemu ambayo mikusanyiko mingi ya jezi za waridi huiacha. Watu hutaja fedha na kutaja uhamasishaji, lakini uhamasishaji wenyewe mara nyingi hauna kitu ndani yake: mtoto huenda nyumbani akijua kwamba saratani ipo na kwamba rangi yake ni waridi. Basi ajue nini? Kwa mama yake na shangazi zake, kwamba jopo la wataalamu wa kinga huko Marekani, tangu 2024, linashauri mwanamke apigwe picha ya matiti kila miaka miwili kuanzia umri wa miaka 40, na kwamba mwanamume naye, ingawa ni nadra, hupata saratani ya titi. Kwa mvulana wa timu, kwamba saratani ya korodani huwapata zaidi vijana, kwamba uvimbe usiouma si uvimbe wa kupuuzwa, na kwamba ikiwahiwa hupona karibu daima. Na kwa kila mwanamichezo, na kwa kocha wake zaidi, kwamba saratani ya mfupa iliyompata Fox hupenda umri wa kurefuka, hupenda goti, na hujificha nyuma ya michezo.

Hapo jambo linatuhusu sote, kwa kuwa goti la mtoto wa Tanga halina tafauti na goti la mtoto wa Port Coquitlam. Kijana akisema goti linamuuma, neno la kwanza la kila mmoja wetu ni kwamba amejigonga uwanjani. Atachuliwa kwa mafuta, atafungwa bandeji, ataambiwa apumzike wiki moja, na mara tisini na tisa katika mia neno hilo litakuwa kweli. Lakini maumivu ya kujigonga hupungua kwa kupumzika. Maumivu yanayozidi wiki hadi wiki, yanayomwamsha usingizini hali hakucheza, yenye uvimbe juu au chini ya goti usiokwenda, hayo ni ya kupelekwa hospitali na kupigwa picha ya eksirei, na mwalimu wa michezo ndiye mtu mzima ambaye mara nyingi huyasikia mwanzo, kabla ya baba na kabla ya mama, kwa kuwa yeye ndiye anayemwona mtoto akichechemea.

Na wasichana wetu wana jambo lao. Nchini Tanzania saratani inayowaua wanawake wengi kuliko zote ni ya shingo ya kizazi, na kinga yake ni chanjo inayotolewa katika umri wa shule: Tanzania iliieneza nchi nzima mwaka 2018, na Kenya ikafuata Oktoba 2019. Imezungukwa na uvumi mwingi, khasa ule wa kwamba huharibu uzazi, uvumi ambao hauna msingi na umewanyima wasichana wengi kinga hiyo. Timu ya mpira wa pete ambayo nahodha wake, kabla ya mchezo, anachukua kipaza sauti na kuwaambia wazazi kwamba yeye amechanjwa na yuko salama, ingekuwa imefanya kazi ambayo mabango mia hayaiwezi, na pasipo kuchangisha hata shilingi.

Kijana wa leo mwenye maradhi yale yale ya Terry Fox, akiwahi hospitali iliyo na wataalamu na vifaa, hutibiwa kwa dawa kwanza, kisha aghalabu hukatwa kipande cha mfupa chenye ugonjwa tu, pakawekwa kiungo cha madini mahali pake, na mguu ukabaki wake. Mambo haya hayakuletwa na mfuko mmoja wala nchi moja. Yaliletwa na watafiti wengi kwa fedha za watu wengi, na dola ya Port aux Basques imo humo. Vijana hao hukatazwa michezo ya kurukaruka, kwa hiyo kikapu huwa kimewaaga. Lakini wapo wanaorudi shuleni, wakashuka ngazi za ukumbi kwa miguu yao miwili, polepole, wakaenda kuketi benchi pamoja na wenzao.